Uwanja mumoja, majina matatu

Kila mara tunapozungumza mupira ao muziki, kuna mutu mumoja anayesimama na kusema: «Tafazali, musituletee politike hapa.» Ninaelewa kwa nini anasema vile. Siku za kazi ziko na shida za kutosha. Siku ya Mungu mutu anataka kusikiliza Franco, kuangalia Mazembe, kunywa kitu ya baridi na kusahau. Mimi mwenyewe ni mutu wa muziki mbele ya yote. Diski za zamani njo mapendo yangu, mupira unakuja nyuma kidogo. Lakini mu hii inchi yetu, politike haikungoja mutu ailete. Ilikuwa imekwisha kukaa mu tribune mbele hatujanunua tiketi.

Leo ninataka tuzunguke uwanja mumoja, ule wa Kalamu, pale Kinshasa. Vijana wanaujua kwa jina la Stade Tata Raphaël. Baba zetu wanaendelea kuuita «Vingt Mai». Na wale bazee kabisa, waliokuwa wakubwa mbele ya uhuru, walisema «Baudouin». Majina matatu, majani yale yale. Kila jina liliandikwa na mwenye nguvu wa wakati wake.

Ulifunguliwa 1952, ukapewa jina la mufalme kijana wa Ubelgiji ambaye alikuwa ametawala mwaka mumoja tu. Mutu aliyesukuma mambo ya michezo mu ule muji alikuwa padri mumoja wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimuita Tata Raphaël. Yeye alifungua masomo, akaanzisha ekipi, akatafuta feza za viwanja. Mufalme Baudouin mwenyewe alifika Congo 1955, na watu wakamuita «Bwana Kitoko». Ninapenda lile jina juu liko nusu yetu na nusu yao: bwana ya Kiswahili, kitoko ya Lingala. Hata siku ya kumusifu mukoloni, hizi luga mbili ziligawana kazi.

Wakati ule diski ilikuwa imekwisha kuingia mu site, na bila diski mutu hawezi kuelewa ule muji. Kisha vita ya pili ya dunia, wafanyabiashara Wagreki wa Léopoldville walifungua nyumba za kurekodi: Ngoma ilianza 1948, kisha zikafuata Opika na Loningisa. Hawakuwa wamisionere wa muziki. Walikuwa watu wa duka walioona kama mutu akisikia sauti ya mutu wa kwao mu gramofoni, atatoa feza. Na kweli watu walitoa. Wendo, na Henri Bowane mu gitaa, walitoa «Marie-Louise» ule mwaka wa 1948, na ule wimbo ukaenda mbali kuliko treni. African Jazz ya Kabasele ilianza 1953. OK Jazz ilianza 1956. Na huku kwetu Katanga, Hugh Tracey alimukuta Jean-Bosco Mwenda mu Jadotville, njo Likasi ya leo, akamurekodi 1952. Mwenda aliimba Kiswahili, akapiga gitaa kwa vidole viwili namna wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani walikaa chini kujifunza. Ninasema hii kwa nguvu kidogo juu watu wanazoea kuandika historia ya muziki wa Congo kama vile inaanza na kuisha kwenye mto wa Kinshasa.

Sasa tufike kwenye tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959. Ilikuwa siku ya Mungu. Chama ya ABAKO, ya Kasa-Vubu, ilitaka kufanya mukutano pale YMCA, karibu na uwanja. Wakubwa wa kizungu walikuwa wamekataa mukutano, lakini watu walikuwa wamekwisha kufika. Kasa-Vubu aliwaomba warudi nyumbani kwa utulivu. Hawakurudi. Na ile saa ile, mu uwanja, V.Club ilikuwa inacheza na Mikado. V.Club ikashindwa. Sasa wazia: maelfu ya wasapoteri wanatoka na hasira ya mupira, wanakutana mu balabala na maelfu wengine walio na hasira ya politike. Nani angeweza kuwatenganisha? Ndani ya saa chache maduka yalivunjwa, motokari zikapigwa mawe, na polisi na Force Publique wakaanza kupiga risasi. Serkali ya koloni ilihesabu karibu wafu 50. Watu wengi wa site walisema ni mamia.

Kasa-Vubu alikamatwa, ABAKO ikafutwa. Lakini siku tisa nyuma, tarehe 13, Baudouin alisema mu radio kama Ubelgiji itapeleka Congo kwenye uhuru. Siku tisa tu. Leo tarehe 4 mwezi wa kwanza ni kongé, siku ya mashujaa wa uhuru, tunalala mupaka saa ine na hatuulize. Sisemi kama V.Club ilileta uhuru, hapana. Njaa ya kazi na zarau vilikuwa vimejaza kuni mu ule muji. Lakini mu Congo ya wakati ule, mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kukusanyika kwa wingi isipokuwa pahali pawili: kanisani na mu mupira. Njo maana wingi ulipoamka, uliamkia pale ulipozoea kukutana.

Mwaka uliofuata, muziki ukashika zamu yake. Table Ronde ilianza Bruxelles tarehe 20 mwezi wa kwanza 1960. Kabasele alifika na watu wa African Jazz: Nico na ndugu yake Dechaud, Roger Izeidi, Petit Pierre mu ngoma. Mu OK Jazz walikuja Vicky Longomba na Brazzos. Fikiri, orkestra mbili zilizokuwa zinashindana kila siku ya posho mu Léopoldville, zinapanda jukwaa moja mu baridi ya Ulaya! Walipopata tarehe ya uhuru, 30 mwezi wa sita, wanamuziki wakatoa «Indépendance Cha Cha». Mupigo wake ulitoka ngambo, kule Cuba, na gitaa ya Nico ikaupa sauti ya kwetu. Radio ikaubeba inchi kwa inchi, na mataifa mengine ya Afrika yaliyopata uhuru ule mwaka yakaucheza kama vile ni wao.

Watu wengi wanaucheza bila kusikia vizuri kile uko unafanya. Ule wimbo unaita majina. Unaweka Kasa-Vubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe na wengine pamoja, chama kwa chama, kama muratibu wa mukutano anayehesabu waliofika. Kwa mutu wa muziki, hii ni kazi ya akili: kuweka majina ya maadui ndani ya mupigo mumoja, na yote yanacheza. Kwa mutu wa historia, inaumiza. Tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe alitangaza Katanga inatoka. Mwezi uliofuata Kalonji naye akatangaza Kasaï yake. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa na ndege hapa Élisabethville, na usiku ule ule wakapigwa risasi mu pori, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Hata mwaka mumoja ulikuwa haujaisha tangu Bruxelles. Wimbo ulikuwa ungali unapigwa mu bar.

Kisha Mobutu. Alishika mamlaka mwezi wa kumi na moja 1965, na hakukawia kuonyesha namna gani atatumia kiwanja. Tarehe 2 mwezi wa sita 1966, wanaume wane walitundikwa mbele ya umati mukubwa mu Kinshasa: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Kimba alikuwa mutu wa kwetu Katanga, na alikuwa amefanya Waziri wa Kwanza mwaka uliotangulia. Pale walipofia, nyuma ya miaka mingi, Leta ilijenga uwanja mukubwa kuliko yote mu inchi. Ulipofunguliwa 1994 waliuita Kamanyola. Tangu 1997 ni Stade des Martyrs, yaani wale wane wa Pentekote. Siku Léopards wanacheza pale, vijana elfu na elfu wanaimba juu ya udongo ule, na ninazani wengi wanafikiri neno «Martyrs» ni la kanisa.

Franco aliimba kitu juu ya ile siku, «Luvumbu Ndoki». Alichukua hadisi ya zamani ya Kikongo juu ya mulozi anayekula watu wake, hakutaja jina la mutu yeyote. Haikusaidia. Diski ilikatazwa, akaitwa kuulizwa, kisha akavuka mto akakaa Brazzaville kwa muda. Ninaleta hii juu vijana wengi wanamujua Franco kama mutu wa «Candidat na Biso Mobutu» ya 1984, wanasema: alikuwa mutu wa Mobutu tu, basi. Mambo haikuwa nyepesi vile. Mutu yule yule aliimba ya 1966, akasifu Leta miaka ya sabini, akapelekwa gerezani 1978 juu ya nyimbo za matusi, na akaimba kampeni 1984. Mimi simuhukumu haraka. Wakati ule kulikuwa chama moja, radio moja, na kiwanda cha diski cha kuhesabu kwa kidole.

Jina la pili la uwanja linatoka hapa. Tarehe 20 mwezi wa tano 1967 Mobutu alitangaza Manifeste ya N'Sele ya chama chake MPR. Baudouin akaondoka, Vingt Mai ikaingia. Siyo jina la mutu, ni tarehe. Lakini ni tarehe ya mutu.

Na kweli, bandugu, tuseme ya haki: ile miaka mupira wetu ulipanda. Wachezaji waliokuwa Ubelgiji waliitwa warudi nyumbani. TP Englebert ya Lubumbashi, njo Mazembe ya leo, ilishinda kopo ya Afrika 1967 na tena 1968. Ile ya 1967 ilikuja kwa njia ya ajabu: kisha kutoka sawa mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, mechi ya tatu ilipangwa Yaoundé, na Kotoko hawakufika. 1968 ekipi ya taifa ilipiga Ghana 1-0 mu Addis Ababa na kuleta kopo ya inchi. 1973 V.Club nayo ikapata yake. Mutu akikuambia ile ilikuwa propaganda tu, muulize kama propaganda inaweza kupiga penalti. Wachezaji walikuwa wanajua mupira. Leta ilijua namna ya kusimama karibu nao wakati wa foto.

1971 inchi ikawa Zaïre. 1972 majina ya wazungu yakakatazwa, hata mu orkestra: Rochereau akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi, ndugu wa saksofoni Verckys akawa Kiamuangana Mateta. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni yatapewa wana-inchi. Kiwanda cha diski MAZADIS kikafika mu mikono ya Franco. Tuseme ukweli, kwa muziki ile ilikuwa kitu kikubwa, mwanamuziki kusimamia mashini inayotengeneza diski yake. Kwa maduka ya kawaida, munajua ilivyoisha. Bidhaa ziliuzwa, rafu zikabaki wazi, mwenye duka mupya akanunua Mercedes.

Na hapo njo tunaingia mwaka wa 1974, mwaka ambao ninaweza kuzungumza usiku muzima.

Mwezi wa tatu, Misri. Léopards chini ya mwalimu Blagoje Vidinić, Muyugoslavia, wanafika finali na Zambia. 2-2. Wakati ule hakukuwa penalti za kumaliza, mechi ilirudiwa siku mbili nyuma, Zaïre 2-0. Mabao yote mane ya zile mechi mbili yalipigwa na mutu mumoja, Ndaye Mulamba wa V.Club, mwana wa Kananga. Mu ile kopo nzima alipiga 9. Hakuna mutu aliyefikia ile hesabu mu kopo moja ya Afrika tangu siku ile mupaka leo, wala Eto'o, wala Drogba.

Mobutu akawapa manyumba na magari. Walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya Kopo ya Dunia, ekipi ya kwanza ya Afrika nyeusi. Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani ya Magharibi. Mechi ya kwanza, Scotland, wakashindwa 2-0 na hawakuabika hata kidogo. Ni kisha hapo wachezaji wakajua kama feza waliyoahidiwa haitafika. Ilikuwa imepita mu mikono ya wakubwa walioambatana nao, na ikabaki mu ile mikono. Wakataka kukataa kucheza. Wakashawishiwa, wakaingia uwanjani na mioyo imekufa. Yougoslavia 9, Zaïre 0. Kazadi, kipa wetu mukubwa, alitolewa kisha bao la tatu, na dakika 20 tu ndizo zilizokuwa zimepita. Ndaye akapewa karata nyekundu kwa kosa ambalo hakufanya. Aliyemupiga mwamuzi teke alikuwa Mwepu Ilunga, na Mwepu mwenyewe alisema vile.

Kisha ikabaki Brésil. Kufuata ushuhuda wa Mwepu, watu wa Mobutu walikuja mu hoteli, wakafunga milango, wakasema: mukipigwa mabao mane, hamurudi nyumbani. Sasa, munajua ile video. Brésil wanapata faul karibu na mulango, mechi iko 3-0 ao karibu na hapo. Mwepu anatoka mu ukuta kama mutu anayekimbia nyoka, anapiga mupira mbali mbele Mubrésil hajaugusa. Dunia nzima ilicheka. Miaka 50 wametuchekea: «Angalia, Mwafrika hajui sheria.» Mutu ambaye klabu yake ilichukua kopo mbili za Afrika! Mwepu alieleza baadaye kama alijua sheria vizuri kabisa. Alitaka afukuzwe, juu hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa watu waliokula feza yake. Mwamuzi akamupa ya njano tu. Mechi ikaisha 3-0. Wakarudi nyumbani.

Hiyo ile video ikipita tena mu telefone yako, na mutu akiandika chini yake vicheko, angalau wewe ujue iko unaangalia nini.

Mobutu hakukaa kulia. Alikuwa amekwisha kununua kitu kingine: ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman, dola milioni 5 kwa kila mumoja, kwa njia ya Don King. Siku ilipangwa 25 mwezi wa tisa, mu Vingt Mai. Na mbele ya ngumi, siku tatu za muziki. Hugh Masekela wa Afrika ya Kusini na mwenzake Stewart Levine njo walitayarisha ule muziki. Foreman akakatwa juu ya jicho mu mazoezi, ngumi ikasukumwa mupaka 30 mwezi wa kumi. Lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kukodiwa, ndege zilikuwa zimelipwa. Muziki ukaenda mbele peke yake, tarehe 22 mupaka 24 mwezi wa tisa.

Sikia majina: James Brown. B.B. King. Bill Withers. Celia Cruz na Fania All-Stars. Miriam Makeba. Manu Dibango. Na wetu: Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti, Stukas ya Lita Bembo. Watalii wengi waliongojewa kutoka Marekani hawakufika, juu ngumi haikuwa. Tiketi ilikuwa bei kali kwa mutu wa Matonge, na mwanzoni tribune zilikuwa na nafasi. Kisha milango ikafunguliwa kwa watu, na uwanja ukajaa.

Mimi kinachonigusa hapa ni ile gitaa ya Cuba. Kumbuka 1960: Kabasele anachukua mupigo wa Cuba kutengeneza wimbo wa uhuru. Na ule mupigo wenyewe, nani aliupeleka Cuba? Watu wa kwetu, waliouzwa na kufungwa mu meli, wengi wao kutoka kando ya ule mto wa Kongo. Sasa 1974 Celia Cruz, Mucuba, anasimama mu Kinshasa na kuimba mbele ya watu ambao mababu zao na mababu zake walipiga ngoma moja. Hakuna hotuba ya Mobutu iliyoweza kufanya ile kazi. Authenticité yote ilikuwa mule ndani, bila abacost.

Ngumi yenyewe munaijua. Saa kumi ya usiku, ili Wamarekani waione saa nzuri kwao. Foreman alikuwa amefika na imbwa yake kubwa ya kijerumani, na watu wa Kinshasa walikuwa bado wanakumbuka imbwa za polisi ya Wabelgiji. Hapo alikuwa amekwisha kushindwa upande wa mapendo. Uwanja ukaita «Ali, boma ye». Ali akaegemea kamba, akaacha yule mutu mwenye nguvu achoke, raundi ya nane akamuangusha. Kisha mvua kubwa ikaanguka. Mobutu hakuwa uwanjani. Aliangalia kwa televizyo, nyumbani kwake.

Tuulize feza ilitoka wapi, juu siye watu wa Katanga swali hilo linatuhusu. Inchi ilikuwa inaishi juu ya shaba. Mwezi wa ine 1974 shaba ilikuwa karibu dola 1.40 kwa ratili. Mwanzo wa 1975 ilikuwa imeanguka karibu senti 53. Yaani ngumi ilipiganwa wakati hazina ilikuwa imekwisha kuanza kuvuja, na waliokuwa wanachimba Kolwezi na Likasi hawakuambiwa. Dola milioni 10 hazikuangusha Zaïre. Kulikuwa mashimo makubwa kuliko ile. Lakini ukitaka kujua siku gani karamu ilifika mwisho, angalia mu ule uwanja wakati mvua inaanguka.

Sasa niseme kile kinachoniumiza kama mutu wa diski. Zile siku tatu za muziki zilirekodiwa zote, sauti na picha, na watu wa kazi. Kisha mambo ya feza na tribinali yakaanza huko Marekani, na kaseti zikafungiwa. Filme ya ngumi, «When We Were Kings», ilitoka 1996, ikapata Oscar. Filme ya muziki, «Soul Power», ilitoka 2008. Na mu zote mbili, wetu wanapita haraka. Wamarekani njo wenye nyumba. Diski ya wanamuziki wa Afrika wenyewe, «Zaire 74: The African Artists», iliyotengenezwa na Masekela na Levine, ilitoka 2017. Hesabu: miaka 43. Franco alikuwa amekufa 1989. Abeti alikufa 1994. Tabu Ley, aliyeimba Olympia ya Paris 1970, aliyekuwa hata gavana-musaidizi wa Kinshasa kisha 2005, alikufa 2013. Hakuna mumoja kati yao aliyeishika ile diski mu mukono.

Nimeisikiliza mara nyingi. Franco anapiga kama vile hajui kama James Brown yuko nyuma ya jukwaa, ao anajua na haimusumbui. Kila mara ninajiuliza nini ingekuwa kama ile diski ingetoka 1975, wakati orkestra zetu zilikuwa na nguvu yote, wakati dunia ilikuwa inatafuta muziki mupya. Bob Marley alipata diski yake ya «live» kutoka London ule mwaka wa 1975, na njo ilimufungulia milango. Wetu walipata kabati.

Uwanja ulipata jina la tatu kisha Mobutu kukimbia 1997. Padri akarudi: Tata Raphaël. Ninaona ni jina zuri kuliko yote matatu, juu angalau yule mutu alipenda watoto wacheze mupira. Lakini usifikiri kama politike ilitoka uwanjani pamoja na ile bango la Vingt Mai. Huku Lubumbashi, uwanja wetu wa muji uko na jina la Kibassa Maliba, mumoja wa wale wabunge 13 waliomuandikia Mobutu barua. Mazembe ilipopiga Internacional ya Brésil 2-0 mu Abu Dhabi 2010 na kufika finali ya dunia, klabu ya kwanza ya Afrika kufanya vile, raisi wa klabu alikuwa gavana wa Katanga. Na Kidiaba, yule kipa aliyeruka juu ya matako mbele ya dunia nzima, ni baadaye akachaguliwa mubunge wa Haut-Katanga. Mimi nilishangilia ile siku kama wazimu na ningeshangilia tena kesho.

Nimalize na Ndaye, juu ninaona tunamudai. 1994 CAF ilimuita Tunis, ikamupa heshima mbele ya Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye bunduki wakafikiri amerudi na feza. Hakuwa nayo. Wakamupiga risasi ya muguu, na mutoto wake akauawa. Akakimbilia Afrika ya Kusini kama mukimbizi, na pale Cape Town alikuwa analinda magari ya watu mu parking. 1998, mu Kopo ya Afrika kule Burkina Faso, habari ikafika kama Ndaye amekufa mu mugodi wa Angola. Uwanja muzima ukasimama, wachezaji wakainamisha vichwa, dakika moja ya kimya kwa mufungaji mukubwa wa kopo ile.

Ndaye alikuwa muzima. Aliishi miaka 20 tena na zaidi, na alikufa kweli 2019.